Swali la Karai

Palma, 29 Oktoba 2012

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mwalimu wetu wa Kireno anasema barua nzuri hutaja sababu yake mapema, kwa hiyo nataja. Ulipopiga simu siku ya Idd, mama aliniwekea simu sikioni, nikasema "mzima" mara tatu, kisha nikamrudishia. Nilikuwa na mengi, baba. Lakini watu walikuwa wamesimama wananitazama mdomo, na mimi nikitazamwa mdomo maneno yananiganda. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Buanali anavuka kesho kuja huko Mtwara na mzigo wake wa nazi kavu. Atapitia Quionga, na amekubali kukuletea hii.

Habari kubwa ni hii. Ijumaa katibu wa mtaa alipita na kipaza sauti. Alisema ile kambi ya Wachina, iliyo kwenye barabara ya kwenda Olumbi, inakaribisha familia Jumapili ya tarehe 11 Novemba kufundishwa mapishi ya Kichina, bure, wazee na watoto wote waje. Bibi aliposikia akasema tangu gesi ionekane baharini wamekuja wageni wengi hata mbwa wa Palma wamechoka kubweka, lakini hawa ni wa kwanza kuita watu jikoni. Papo hapo akauliza atavaa kanga gani.

Kuna jambo ambalo mama amenikataza kumwambia Bibi, ila wewe hakunikataza. Katibu alimnong'oneza mama kwamba mwanamke atakayeelewana vizuri na mpishi wao anaweza kuchukuliwa kazi jikoni kwa wafanyakazi. Mama ameanza kuosha sufuria ambazo hazijachafuka. Nikimaliza classe ya kumi, darasa la mwisho hapa kwetu, mwaka huu itabidi niende Mocímboa kuendelea, na najua hilo nalo limo kichwani mwake, ingawa hasemi. Ruhusa ya kazi atakuomba mwenyewe kwa mkono wake.

Ninachoogopa ni kwamba mpishi anasema Kichina tu. Anaye kijana wa Nampula, Narciso, aliyesoma kwao, anayegeuza Kichina kuwa Kireno. Kiswahili Narciso hajui. Kwa hiyo mama amesema, "Kireno kinaishia kwako. Siku hiyo wewe ndiye kinywa changu." Tangu aliposema hivyo sijala vizuri.

Mdogo wangu Selemane ameng'oka jino na analitunza kwenye kibiriti akikusubiri.

Mwanao,
Nafisa


Mtwara, 5 Novemba 2012

Mwanangu Nafisa,

Waalaykum salaam, marahaba. Barua yako imefika, imenuka nazi ya Buanali mwanzo hadi mwisho. Nimeisoma karakana nzima ikiwa imenyamaza, maana hawa vijana wenzangu wakimwona mtu anasoma barua siku hizi wanadhani kafiwa.

Mimi sijambo. Tunatengeneza vitanda vya nyumba ya wageni, na wenye nyumba wanataka vingine na vingine, kwa sababu huku pia gesi imeleta watu wenye kulala. Kazi inakaribia mwisho.

Nendeni hayo mapishi, mcheke, mle. Mwambie mama yangu avae ile ya zambarau. Ila nina neno moja, na hili nakupa wewe, siyo mama yako, kwa kuwa Kireno unacho wewe. Wale ndugu zetu wanakula nguruwe. Si ubaya, ndicho chakula chao. Lakini kabla mama yako na bibi yako hawajatia kitu mdomoni, uliza karai linalopikiwa limepikia nini. Uliza kwa adabu, mtu haudhiki kwa swali la adabu. Usipouliza wewe hakuna atakayeuliza, maana Bibi atakuwa anacheka na mama yako atakuwa anatetemeka.

Samaki mwende na wenu wenyewe. Jino la Selemane nalisubiri.

Baba yako,
Abdulrahmani


Palma, 12 Novemba 2012

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Tumekwenda na tumerudi, na Bibi ameshawasimulia watu mpaka sauti imemkauka, kwa hiyo wacha nikusimulie kabla hajapona.

Tulikuwa familia sita. Jiko lao ni kontena refu lililokatwa madirisha, safi, lina meza za chuma. Mpishi anaitwa Mestre Guo, yaani Fundi Guo. Ni mtu mfupi mwenye nywele zilizosimama kama mswaki, na akifurahi anapiga makofi mara moja tu. Alituinamia kila mmoja. Alipofika kwa Bibi alivua aproni yake mwenyewe akamfunga. Bibi akaniuliza, "Ananiposa?" Narciso akataka nimtafsirie. Nikasema bibi ameshukuru.

Mama alipewa kukaanga mboga. Wao, baba, hawapiki kama sisi. Moto wao unanguruma kama lori, karai haliwekwi mfuniko, na mboga haikai hata muda wa kusema bismillahi mbili. Mama kwa mazoea akapunguza moto, akafunika, kisha akaanza kutazama huku na huku. Nikamwuliza unatafuta nini. "Makaa ya kuweka juu ya mfuniko." Nikamwambia Narciso, Narciso akamwambia Mestre Guo, naye akachungulia chini ya meza kama yuko tayari kuyatafuta. Hakupata kusikia katika maisha yake kwamba chakula kinawekewa moto juu. Bibi akasema, "Moto wa chini peke yake? Ndiyo maana mboga zao mbichi." Hili nililitafsiri nusu.

Selemane akauliza kama moto ule unatoka kwenye gesi ya bahari yetu. Narciso akamwambia hapana, mitungi inakuja kwa lori kutoka mbali. "Sasa ya kwetu itampikia nani?"

Lakini ushindi ulikuwa wa Bibi. Mestre Guo alimpa kabichi, kisu na ubao wa kukatia. Bibi akausukuma ubao kando: "Nikate juu ya mbao, mimi fundi seremala? Seremala ni mwanangu." Akaishika kabichi kiganjani na kuanza kuichana vile anavyochana, nyembamba kama uzi, kisu kikimjia kidoleni. Mestre Guo alipiga kelele akaweka mikono kichwani. Bibi hakutazama hata kisu. Alipomaliza, Mestre Guo aliokota uzi mmoja akauinua kwenye mwanga, akapiga kofi lake moja, akaomba afundishwe. Alijikata mara ya kwanza tu.

Tukala mayai kwa nyanya, mboga za mama alizorudia kwa moto mkali, na kolekole wetu kwa tangawizi na mchuzi wao mweusi wa chupa. Bibi alilamba vidole. Mama alikula kidogo kidogo akitafakari kama mtu anayesoma. Mestre Guo alionja wali wa nazi tuliokwenda nao, akarudia, akarudia tena, kisha akazungumza na Narciso kwa muda mrefu wakimtazama mama.

Kuhusu karai usiwe na wasiwasi. Ni zito sana. Nililishika kwa mikono miwili.

Mitihani inaanza karibuni. Niombee.

Mwanao,
Nafisa


Palma, 13 Novemba 2012

Kwa Baba Nafisa,

Salaam. Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, za Kireno nazijua kwa macho tu. Binti yako najua amekuandikia, nami sitaki apitie yangu.

Nimeambiwa mwezi wa kumi na mbili nianze kazi pale jikoni kama nitapenda. Yule Mchina kaupenda wali wangu. Nakuomba ruhusa. Nimeishi na wewe miaka kumi na minane sijakuomba jambo zito, hili ni la kwanza.

Ninalotaka ujue zaidi ni la Nafisa. Mtoto huyu hata kwa muuza sukari ananong'ona. Lakini tulipofika kwenye lile karai nikamwambia, "Waulize, limepikia nini hili." Nilimwona ameufumba mkono, anaufumbua, anaufumba. Kisha akamwendea yule kijana akamwambia kitu kwa Kireno. Yule kijana akacheka, akalinyanyua karai akampa alishike, kama kumwonyesha upya wake. Nafisa akanirudia, "Mama, kasema ni jipya." Moyo wangu ulijaa. Nikasema, kumbe nina mtu.

Sasa Jumapili ya tarehe 25 kuna darasa jingine. Wanawake walikuwa wanasita kwa ajili ya nguruwe. Nimewaambia mwanangu aliuliza. Jirani yetu Awa anakuja, na wengine tisa.

Mama Nafisa


Mtwara, 19 Novemba 2012

Mwanangu Nafisa,

Nimeandika na barua ya mama yako, ni ya peke yake, mpe mkononi. Ndani nimempa ruhusa, ila mwache aisome mwenyewe ndipo ashangilie.

Hii ni yako. Umekuwa mchoyo wa habari njema, mwanangu. Umeniandikia kurasa nzima za kabichi, na lile jambo nililokutuma ukaliwekea mistari miwili tu. Nimelipata kwa mama yako. Kumbe ulimwendea yule kijana mbele ya watu, ukauliza, ukajibiwa! Nimeisoma mara mbili. Niliwasomea na hawa wa karakana. Mzee mmoja anayepiga randa hapa, mtu asiyesifu hata kitanda chake, akasema, "Huyo mtoto ana ujasiri."

Nami nilikuwa hivyohivyo utotoni, sikukwambia. Nilipotumwa dukani nilikuwa naomba mtu mwingine aseme. Mpaka leo kuna maneno yananikalia kooni. Kwa hiyo furaha yangu ina sababu.

Nimempa Buanali kalamu tatu za wino wa bluu. Ni za mitihani.

Baba yako mwenye fahari,
Abdulrahmani


Palma, Jumamosi, 24 Novemba 2012

Baba,

Assalaam alaykum. Kalamu zimefika. Hii naandika kwa kalamu ya zamani, hizo sistahili kuzitumia bado.

Sikuuliza.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Usiku wa kuamkia siku ile nilitunga swali kwa Kireno, nikaangalia kila neno kwenye kamusi ya mwalimu, na asubuhi nikaliandika kwa wino kiganjani ili lisinipotee. Mama aliponiambia niulize nikafumbua mkono. Jasho lilikuwa limelifuta nusu. Na Mestre Guo alikuwa amemaliza dakika ile kumfunga Bibi aproni yake mwenyewe, anatabasamu. Nikaona nikisema neno "nguruwe" mbele yake ni kama kumwambia jiko lake ni chafu. Nikamwendea Narciso. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni: "Hili karai ni zito?"

Akacheka akasema, "Shika uone." Nikashika. Mama akaniuliza, "Kasema nini?" Nikasema ni jipya.

Sijui neno "jipya" lilitoka wapi. Halikuwa kwenye mkono wangu.

Nilidhani litaisha pale. Lakini mama akawa analisimulia. Kila jirani akija namsikia uani: "Mwanangu aliuliza." Bibi analisimulia, na sasa katika masimulizi yake nimeuliza kwa ukali. Wewe umelisoma karakanani. Na kesho Awa na wanawake tisa wanakwenda kula kwenye karai lile kwa neno langu, baba, kwa neno ambalo halipo.

Nikimwambia mama ukweli hatarudi pale, namjua. Kazi itapotea. Alikwishashona gauni la kazi, alilipunguza mikono ili lisishike moto. Nimekaa siku tano nikihesabu nani ataumia nikisema, na kila nikihesabu naona nataka nisiseme, basi nikajua hesabu yangu ina kasoro.

Buanali anaondoka baada ya alasiri. Nampa hii barua kwanza, ndipo namwendea mama. Nimepanga hivyo makusudi. Barua ikishaondoka nami sina pa kurudi.

Nisamehe. Umwambie na yule mzee wa randa.

Nafisa


Palma, Jumapili, 25 Novemba 2012

Kwa Baba Nafisa,

Salaam. Ruhusa yako nimeipata, ahsante, lakini sina tena pa kuitumia.

Binti yako jana alinifuata nikiwa nakuna nazi. Akasimama. Nikamwambia, kama umesimama tu, kamata nazi ya pili. Akasema yote kwa mara moja, kama mtu anayetapika. Nilikuna ile nazi mpaka nikakuna kifuu.

Sikumpiga. Nilivaa kanga nikapita kwa Awa na kwa wale wengine tisa, nyumba kwa nyumba, kuwaambia msiende, neno nililowapa si la kweli. Unajua ni nyumba gani hizo. Awa alisema, "Si neno, Mama Nafisa, hatujala." Mwingine akasema, "Basi tutajua la kwako la kushika na la kuacha." Hilo nitalala nalo muda mrefu.

Mwalimu wa chuo nilimwuliza. Akasema aliyekula bila kujua hana kosa, osheni midomo mtulie. Mama yako alivyo, akasema, "Na mimi nilivyolamba vidole! Ndiyo maana kulikuwa kutamu." Nikacheka bila kutaka, kisha nikalia. Si karai lililoniliza, Baba Nafisa. Nilimpa mtoto kinywa changu, akanirudishia kikiwa na neno ambalo sikulisema wala hakuna aliyelisema.

Kazi nimeiacha. Siwezi kwenda kupika mahali ambapo sijui ninachoshika, na sina wa kuniulizia.

Sasa hivi ni saa tatu asubuhi. Nafisa amevaa sare ya shule, na leo hakuna shule. Amepita mbele yangu akiwa ameufumba mkono. Nilimwuliza "wapi?" akasema "nakuja". Ameshika njia ya Olumbi kwa miguu. Buanali hajarudi, barua itangoja. Naikunja hapa.

Mama Nafisa


Palma, 30 Novemba 2012

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hii na ile ya mama ya Jumapili zitakufikia pamoja. Soma ya mama kwanza, kisha hii.

Nilivaa sare kwa sababu nikivaa sare nakumbuka kwamba nimewahi kujibu maswali. Kiganjani niliandika upya, safari hii kwa kalamu yako moja, wino wake haufutiki kwa jasho. Njia nzima nilikuwa nikilisema kwa sauti. Mbuzi wote wa barabarani wanajua Kireno sasa.

Jiko lilikuwa limepangwa kwa darasa. Vibakuli vilikuwa mezani, mboga zimeoshwa. Mestre Guo alikuwa amesimama mlangoni amevaa aproni, na mkononi ana nyingine mpya, bado ina mikunjo. Alikuwa anangoja wanawake. Hakuna aliyekuja ila mimi.

Nikasema, "Habari ya asubuhi, naomba kuuliza." Narciso akasema uliza. Nikanyoosha kiganja nikasoma lote, neno kwa neno, na "nguruwe" ndani yake: je, karai tulilopikia tarehe 11 limewahi kupikiwa nyama ya nguruwe?

Narciso hakucheka. Akatafsiri. Mestre Guo akajibu kwa ufupi. "Ndiyo. Jumamosi, siku moja kabla. Nililiosha."

Basi nikaeleza. Sijapata kusema Kireno kirefu hivyo. Nikaeleza kwamba kwetu kuosha hivyo hakutoshi, kwamba hatumdharau, kwamba nilitakiwa kuuliza siku ile nikaona haya, nikamdanganya mama yangu, na leo wanawake hawaji kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu ya mboga zake.

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, baba. Akasema kitu kirefu, na Narciso alisita kabla ya kunipa. Alisema: "Niko hapa miezi minane. Wafanyakazi wa hapa wanachukua wali mtupu, nyama yangu wanaiacha kwenye sahani. Wengine wanakuja na vibati vyao vya chakula. Nikadhani napika vibaya. Msimamizi naye akadhani napika vibaya. Kila siku nimebadilisha viungo. Darasa hili niliomba mimi, nijifunze kwa akina mama kosa langu liko wapi. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Nikamwuliza Narciso, "Wewe hukujua?" Akatazama chini. "Mimi mkatoliki, nakula kila kitu. Sikufikiria. Na hakuna aliyeniuliza." Tulikuwa watatu pale, kila mmoja na aibu yake, na maji yanachemka.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yote. Aliniuliza mara tatu, "Hilo umelisikia au umelitunga?" Mara ya tatu nikafungua kiganja. Akasoma ule wino ingawa hajui Kireno. Usiku alinisogezea ukoko wa wali kwenye sahani yangu. Unajua ukoko huwa anampa nani.

Jumanne walikuja wenyewe nyumbani, Mestre Guo na Narciso. Mestre Guo alivua viatu mbali kabisa, kwenye mti wa mpapai, akaja peku juani. Alimwinamia mama. Mama akaniambia, "Mwambie akae," nikamwambia. Kisha mama akasema, "Sasa sema ninavyosema, usiongeze wala usipunguze." Akatoa masharti, mimi nayatoa kwa Kireno, Narciso anayatia Kichina, Mestre Guo anaandika kwenye daftari. Karai jipya la kweli, linunuliwe Mocímboa, na mama awepo linapofunguliwa. Masufuria, visu na miiko yake mbali, na kontena lake mbali. Nyama achinje Muislamu. Nguruwe asivuke mlango ule hata kwenye kiatu. Kila sharti Mestre Guo alikuwa anaitika kwa kichwa. Mwisho mama akasema, "Na mkaa. Nataka mkaa wa kuweka juu ya mfuniko." Hapo Mestre Guo akapiga lile kofi lake.

Bibi akasema kutoka chumbani, "Na aproni yangu anirudishie."

Jana mama alipita tena kwa Awa na kwa wale tisa, na safari hii alinichukua. Kila nyumba alisema, "Ulizeni wenyewe, huyu hapa." Wakaniuliza mmoja mmoja, wakinitazama mdomo. Nilijibu. Yule aliyesema lile neno la kushika na kuacha ndiye aliyeuliza zaidi ya wote, na mwisho akasema mumewe hufanya kazi pale, na kwa miezi minane amekuwa akimfungia kibati.

Mama anaanza tarehe 17, wiki ile karai litakapofika. Anaomba mbao za kukatia. Siyo kwa ajili yake na Bibi, wao watakata kiganjani, ila kuna wasichana watakaosaidia, na Mestre Guo ameapa hatazami tena kidole cha mtu. Mama anasema ziwe mbao ambazo hazijawahi kuwa za mtu, na fundi tunamjua.

Sasa nina swali langu. Hili sikuliandika kiganjani.

Idd ulisema kazi inakaribia mwisho. Kabla ya Ramadhani ulisema hivyo, na barua ya tarehe 5 umesema hivyo. Mama haulizi, Bibi haulizi, Selemane anafungua kibiriti chake kila asubuhi anatazama jino. Katika nyumba yetu hatuulizi, tunangoja mtu aseme, na mtu naye anangoja aulizwe.

Baba, unarudi lini?

Mwanao,
Nafisa


Mtwara, 6 Desemba 2012

Mwanangu Nafisa,

Waalaykum salaam. Nimesoma ya mama yako kwanza kama ulivyoagiza, kisha yako. Ile ya tarehe 24 niliipata wiki iliyopita nikashindwa kuijibu. Nilianza mara nne. Nilikuwa na hasira, kisha sikuwa nayo, kisha nikaona kila ninachokuandikia najiandikia mwenyewe.

Umeuliza, nakujibu kwa adabu uliyoulizia.

Vitanda vya kwanza viliisha kabla ya Idd. Nikaomba vingine, na vilipoisha nikaomba vingine. Mwaka jana nilikaa Palma miezi saba watu wakinunua vitanda vya chuma kutoka Mocímboa, na kila asubuhi nilikuwa naondoka nyumbani na msumeno ili mama yako adhani nimeitwa mahali. Nilikuwa nakwenda kukaa nyuma ya soko. Hakuna aliyeniuliza nikashukuru. Nikavuka kuja huku, na kila nikitaka kurudi naona lile soko. Kwa hiyo na mimi nina neno nililomwambia mama yako ambalo halikuwepo. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Usinisaidie.

Nimemweleza yule mzee wa randa habari yako, ya kwanza na ya pili. Aliendelea kupiga randa. Halafu akaniuliza unasoma classe ya ngapi, na mimi nimesimama hapa nafanya nini.

Mbao nimezikata sita, za mninga, hazijapata kuguswa na kitunguu. Pembeni ya kila moja nimetoboa tundu la kutundikia. Kama kambi ile inataka meza, rafu na makabati ya kontena jipya, nitakwenda kwa Mestre Guo niulize, na wewe utakuwa hapo unageuza maneno. Akisema hapana, nitakuwa nimeuliza.

Mwambie Selemane asikifungue tena kile kibiriti mpaka Alhamisi ijayo. Mama yako mwambie aniwekee ukoko, kama hajaugawa wote. Barua hii inatangulia na mpwa wa Buanali. Buanali mwenyewe safari hii ameacha nafasi kwenye mzigo wake wa kurudi, ya mbao sita na mtu mmoja.

Baba yako,
Abdulrahmani